Teluri, telureti na jiwe la Siberia lenye ramani ya tsavorite

Februari 2025 China iliweka masharti ya kibali kwa mauzo ya nje ya bidhaa za elementi tano: wolframu, bismuthi, molibdeni, indi na teluri. Habari hiyo ilipita haraka kwenye taarifa za biashara, ila hilo jina la mwisho liliwaachia watu maswali. Teluri ndiyo ile "rea-ethi" inayozungumzwa kule Ngualla mkoani Songwe? Ni jiwe la rangi gani? Kilo moja shilingi ngapi? Na wale wanaosema kuna "telureti" na "teluraidi", wanazungumzia kitu kimoja au vitu vitatu?

Wanazungumzia vitu tofauti, tena tofauti kubwa. Ili tofauti hiyo ionekane vizuri nitatumia jiwe moja ambalo wengi wetu hatutalishika maishani: yafsoanaiti, telureti adimu ya Siberia. Nimelichagua kwa sababu atomi zake zimepangwa kwa ramani ile ile ya tsavorite, jiwe la kijani ambalo dalali yeyote wa Arusha au Voi analijua kwa kulitupia jicho tu.

Kwanza maneno. Elementi ni kitu ambacho kemia haiwezi kukivunja kikatoa kitu sahili zaidi: oksijeni, chuma, dhahabu, teluri. Mwamba ni mchanganyiko. Ukipasua kokoto la graniti unaona chembe nyeupe, nyeusi na nyingine zinazopitisha mwanga. Kila aina ya chembe hizo ndiyo madini kwa maana ya wanajiolojia, yaani kitu kigumu kilichojitokeza chenyewe ardhini, chenye kemia inayojulikana na atomi zilizopangwa kwa utaratibu unaojirudia. Kemia na mpangilio. Madini yoyote yanatambulika kwa hayo mawili, na moja pekee halitoshi. Almasi na grafaiti zote mbili ni kaboni tupu, ila moja hukata kioo na nyingine huandikia penseli, kwa sababu ya mpangilio tu.

Sheria na magazeti hulitumia neno "madini" kwa upana zaidi, kuanzia mchanga wa kujengea hadi makaa ya mawe. Hilo si kosa, serikali ina mahitaji yake. Humu ndani nitabaki na maana nyembamba.

Sasa teluri yenyewe. Ni elementi namba 52. Mwaka 1782 huko Transylvania, eneo ambalo leo liko Romania, Franz-Joseph Müller von Reichenstein alikuwa anachunguza mawe ya dhahabu yenye tabia zisizoeleweka. Alikuta ndani yake kitu ambacho hakikuwa antimoni wala bismuthi, ingawa kilifanana nazo. Mwaka 1798 mkemia wa Ujerumani Martin Heinrich Klaproth, yule yule aliyegundua urani, alithibitisha kwamba ni elementi mpya na kuipa jina kutoka neno la Kilatini la ardhi.

Jina la ardhi kwa kitu ambacho ardhi yenyewe haina! Katika ganda la dunia, kiasi cha teluri hukadiriwa kuwa gramu moja hivi kwa kila tani elfu moja za mwamba. Dhahabu nayo iko hapo hapo, pengine imeizidi kidogo. Hapa ndipo swali la rea-ethi linapojibika. Rea-ethi ni kundi la elementi 17, zikiwemo neodimi na praseodimi zinazofuatwa Ngualla, na teluri haimo. Tena nyingi katika hizo 17 si haba hata kidogo: seri, iliyo nyingi kuliko zote, ardhini inakaribiana na shaba. Shida ya rea-ethi ni kwamba zimetawanyika na kuzitenganisha ni kazi. Teluri ndiyo iliyo haba kweli kweli.

Haba, lakini si ghali kwa kiwango ambacho mtu angetarajia. Katika miaka ya karibuni kilo ya teluri imekuwa ikiuzwa kwa makumi ya dola, ikipanda hadi mia na kitu, wakati kilo ya dhahabu imekuwa ya makumi ya maelfu ya dola na zaidi. Sababu ni kwamba karibu hakuna anayefungua mgodi kwa ajili ya teluri. Inapatikana kwenye tope linalobaki chini ya matangi ya kusafishia shaba kwa umeme. Wasafisha shaba wanaikuta pale, wanaitoa, wanaiuza. Wanunuzi wakubwa ni watengenezaji wa paneli za jua za kadimi na teluri, pamoja na vifaa vinavyogeuza joto kuwa umeme. Kwa hiyo bei haipangwi na uhaba wa kitu ardhini peke yake. Inapangwa na anayekihitaji, na kama kinapatikana kwa mgongo wa biashara nyingine.

Tuje kwenye teluraidi, teluraiti na telureti. Majina haya yanachanganya kwa sababu herufi zake zinakaribiana, ila kinachotenganisha ni hali ya atomi ya teluri yenyewe: imepokea elektroni au imenyang'anywa, na ngapi.

Chini kabisa ardhini, mahali ambapo oksijeni huru haifiki, teluri hupokea elektroni na kushikamana na metali. Hiyo ndiyo teluraidi. Ni ndugu wa karibu wa salfaidi, kama pairaiti ambayo wachimbaji wa dhahabu wanaijua sana. Teluri ina tabia moja ambayo salfa haina: inaipenda dhahabu. Kalaveraiti ni teluri na dhahabu tu, atomi mbili kwa moja, na dhahabu hufika takriban asilimia 44 ya uzito wake. Hata hivyo haina sura ya dhahabu tunayoizoea. Rangi yake ni ya shaba nyeupe iliyopauka, inavunjika ukiigonga, na kwenye zebaki haishiki.

Huko Kalgoorlie, Australia Magharibi, watu walilipia gharama ya kutolijua hilo. Dhahabu ilipatikana pale 1893, na kwa miaka michache wachimbaji walichukua dhahabu huru na kutupa mawe ya njano iliyopauka wakidhani ni pairaiti. Yanasimuliwa kuwa yalitumika kufukia mashimo ya barabara na kujengea. Mwaka 1896 ikajulikana kwamba ni teluraidi za dhahabu. Barabara zikachimbuliwa. Mchimbaji mdogo anayetegemea zebaki anaweza kupoteza mali kwa njia hiyo hiyo kila siku bila kujua: kama sehemu ya dhahabu katika mbale yake imefungwa ndani ya teluraidi, zebaki haitaiona, na itaondoka na mchanga wa masalia. Na asije akajaribu kuichoma jikoni ili aitoe. Moshi wa teluri ni sumu, na hata kiasi kidogo kikiingia mwilini humfanya mtu anuke kitunguu saumu pumzi na jasho, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Wanakemia wanaofanya kazi na elementi hii wanaijua harufu hiyo, na wake na waume zao wanaijua zaidi.

Mwamba wenye teluraidi ukiinuliwa hadi karibu na uso wa dunia, maji ya mvua yenye oksijeni huanza kuushambulia. Teluri inaanza kunyang'anywa elektroni. Ikipoteza zile ilizopokea na nne zaidi, inakuwa na chaji ya +4 na kushikana na oksijeni upande mmoja zaidi kuliko mwingine, kwa sababu jozi ya elektroni iliyobaki nayo inadai nafasi. Hiyo ni teluraiti. Mazingira yakizidi kuwa na oksijeni kali, atomi inapoteza elektroni mbili za mwisho, inafika +6, ule upande uliokuwa umezuiwa unafunguka, na oksijeni zinaizunguka pande zote sawasawa. Hiyo ndiyo telureti. Si teluri iliyosafishwa, si ya daraja la juu, wala haina teluri nyingi zaidi. Ni teluri iliyooksidishwa hadi mwisho.

Kufika mwisho huko ni nadra katika maumbile, ndiyo maana telureti ni chache na fuwele zake kwa kawaida ni ndogo. Lazima pawe na teluri tangu mwanzo, pawe na hewa na maji vya kutosha kuioksidisha, na pawe na metali karibu ya kuikamata kabla haijasombwa: risasi, shaba, zinki, bismuthi. Katika Mlima Otto, karibu na mji mdogo wa Baker jangwani California, mashimo ya dhahabu yaliyoachwa yametoa tangu 2010 aina mpya zaidi ya kumi za madini yenye teluri, nyingi katika fuwele zisizofika milimita moja. Pale ambapo kuna shaba, rangi huwa ya kijani; ottoaiti, ambayo ni risasi na teluri na oksijeni bila shaba, ni ya njano. Ukiona mtu anasema "telureti ni mawe ya kijani", ameona shaba. Teluri ya +6 peke yake haina rangi ya kumpa mtu.

Watu wa Katanga wana mfano wao wa karibu. Mgodi wa Musonoi, Kolwezi, ndiko zilikotambuliwa kwa mara ya kwanza aina kadhaa za madini ya urani na seleni, zikiwemo guileminaiti ya njano na demesmaekeraiti ya kijani cha chupa, zote mbili zikatangazwa 1965. Seleni iko juu ya teluri moja kwa moja kwenye jedwali la elementi, na safari yake ni ile ile: ilianzia chini ikiwa imefungwa kwenye salfaidi za shaba, ikapanda, ikaoksidishwa. Ila katika madini hayo ya Musonoi iliishia +4. Ni selenaiti, hazikufika kuwa seleneti.

Sasa Siberia. Katika eneo la Aldan, Jamhuri ya Sakha ambayo wengi huiita Yakutia, kuna machimbo ya dhahabu ya Kuranakh. Sehemu za juu za mwamba wake zimeoksidishwa vikali, na humo zimepatikana telureti kadhaa. Kuranakhaiti, ya risasi na manganizi, ilitangazwa 1975. Yafsoanaiti ikafuata 1982. Jina lake halitokani na mtu wala mto: ni herufi za mwanzo za Tawi la Yakutia la Idara ya Siberia ya Chuo cha Sayansi cha Sovieti, kwa Kirusi, kisha wakaongeza mkia wa madini. Urasimu umewahi kutoa majina mabaya zaidi.

Kwa mtazamaji ni kitu kidogo: punje na fuwele za hudhurungi, nyepesi hadi iliyokolea, za kutazamwa kwa hadubini. Ugumu wake ni takriban 5.5 kwenye kipimo cha Mohs, maana yake kisu kizuri cha chuma kinakaribiana nao. Msongamano wake unazidi 5, yaani ni zaidi ya mara tano ya uzito wa maji ya ujazo ule ule. Katika mwanga uliochujwa, ule ambao wapima vito hutumia, inabaki giza ukiizungusha upande wowote, dalili kwamba mpangilio wake ni wa mchemraba.

Waliochapisha uchambuzi wa 1982 walijua ina nini: zinki, kalisi, risasi kidogo, teluri ya +6 na oksijeni. Fomula waliyoandika iliweka zinki, kalisi na risasi pamoja, kana kwamba zinagombania kiti kimoja. Kemia ilikuwa sahihi, mpangilio haukuwa umejulikana. Mwaka 1989 D. Jarosch na J. Zemann walichapisha kazi iliyoonyesha atomi zilivyokaa hasa. Kalisi na zinki hazikugombania chochote. Kila moja ilikuwa na nafasi yake, na nafasi hizo zilikuwa zile za ganeti.

Ganeti ni nini basi? Sokoni ni jiwe jekundu la bei ya wastani. Kwa mtaalamu ni ramani. Fikiria nyumba ya Kiswahili ya mjini, ile ya korido katikati na vyumba pande mbili. Nyumba hizo zimejaa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ramani yake ni moja, wapangaji ndio hubadilika. Ramani ya ganeti ina vyumba vya ukubwa wa aina tatu, na kuta ni oksijeni. Chumba kikubwa kina oksijeni nane kuzunguka atomi moja, cha kati kina sita, kidogo kina nne. Kwa kila oksijeni 12 kuna vyumba vikubwa vitatu, vya kati viwili, vidogo vitatu.

Katika tsavorite, kalisi hukaa vyumba vikubwa, alumini vya kati, silikoni vidogo. Wageni wachache wa vanadi au kromi wanapopangishwa chumba cha kati badala ya alumini, jiwe linakuwa la kijani. Campbell Bridges alilipata kaskazini mwa Tanzania 1967, akalikuta tena Kenya karibu na Tsavo miaka michache baadaye, na Tiffany wakalitangaza sokoni kwa jina hilo 1974.

Katika yafsoanaiti, kalisi ipo pale pale kwenye vyumba vikubwa, ikikaribisha risasi kidogo. Cha kati kimekaliwa na teluri. Kidogo kimekaliwa na zinki. Basi. Ramani haikuguswa.

Mwenye nyumba, hata hivyo, ana sharti moja lisilokiukwa: hesabu ya chaji lazima ilingane. Oksijeni 12 zina chaji ya −2 kila moja, jumla −24, na wapangaji wote kwa pamoja lazima walete +24. Tsavorite: kalisi tatu za +2 ni 6, alumini mbili za +3 ni 6, silikoni tatu za +4 ni 12. Jumla 24. Yafsoanaiti: kalisi tatu ni 6, teluri mbili za +6 ni 12, zinki tatu za +2 ni 6. Jumla 24. Mzigo uliokuwa kwenye chumba kidogo umehamia cha kati, na hesabu imefunga. Jaribu kuweka teluri ya +4 mahali hapo: mbili zinaleta 8 tu, jumla inakuwa 20, nyumba haisimami. Hata ukiacha kwamba umbo lake la kuegemea upande mmoja halikai vizuri katika chumba chenye oksijeni sita zilizosambaa sawa. Hapa ndipo tofauti ya teluraiti na telureti inapoacha kuwa suala la majina.

Tabia nyingine nazo zinasomeka kwenye orodha ya wapangaji. Kwa nini yafsoanaiti ni nzito kuliko tsavorite, ambayo msongamano wake ni 3.6 hivi? Atomi ya teluri ina uzito wa karibu mara tano ya alumini, na zinki ni zaidi ya mara mbili ya silikoni. Kwa nini ni laini kuliko tsavorite, inayofika 7 na zaidi? Silikoni na oksijeni zina kamba fupi na kali. Zinki iliyokaa mahali pa silikoni haishiki kwa nguvu hiyo. Nyumba yenyewe imepanuka pia: kipimo cha msingi kinachojirudia ni takriban nanomita 1.26, dhidi ya 1.18 au 1.19 cha tsavorite.

Tuseme sasa una kabati la kupanga madini yote ya dunia, aina zaidi ya elfu sita zilizoidhinishwa na tume ya Shirika la Kimataifa la Minerolojia. Yafsoanaiti utaiweka droo gani?

Mfumo unaotumika sana ni wa Strunz, wenye madaraja kumi yanayofuata kemia. La kwanza ni elementi huru, la pili salfaidi na wenzao, la nne oksidi, la saba salfeti na wenzao, la tisa silikati. Teluri inajigawa humo kwa namna ya kuchekesha. Teluri huru iko la kwanza. Teluraidi ziko la pili. Teluraiti zimewekwa pembeni mwa oksidi, daraja la nne. Telureti, kwa mantiki ya jina, ni la saba, kwa kuwa teluri iko chini ya salfa kwenye jedwali na telureti inapaswa kuwa kwa teluri kile ambacho salfeti ni kwa salfa. Jasi ni salfeti, iko la saba. Montanaiti, telureti ya bismuthi iliyotambuliwa Marekani katika karne ya 19, iko la saba pia.

Yafsoanaiti iko la nne, pamoja na oksidi.

Haikukosewa. Salfa ni atomi ndogo, inazungukwa na oksijeni nne tu na kutengeneza kifurushi kilichojitenga, kinachotembea kama kitu kimoja hata ndani ya maji. Teluri ya +6 ni kubwa, inataka oksijeni sita. Ndiyo sababu tindikali ya salfa ina hidrojeni mbili na oksijeni nne, wakati ile ya teluri ina hidrojeni sita na oksijeni sita, na ni dhaifu sana. Ndani ya yafsoanaiti kila oksijeni ya teluri ni ya zinki pia na ya kalisi pia. Hakuna kifurushi cha kukitenga na kusema hii ni telureti, ile ni metali. Ni mtandao mmoja. Jarosch na Zemann wenyewe katika kichwa cha makala yao waliiita oksidi ya kalisi, teluri na zinki yenye muundo wa ganeti, na nadhani walisema kweli zaidi kuliko wengi wetu tunaosema "telureti" kwa mazoea.

Kisha kuna njia ya pili ya kupanga, inayofuata ramani badala ya kemia. Mwaka 2013 tume ya kimataifa ilipitisha mpango wa kile kinachoitwa kundi kuu la ganeti, linalochukua chochote chenye ramani hiyo, wapangaji wawe nani. Zilihesabiwa aina 32. Ishirini na tisa ziligawanywa katika makundi matano. Tatu zilizobaki hazikufanana na yoyote, na kila moja ikaachwa peke yake. Yafsoanaiti ni mojawapo ya hizo tatu. Kwa hiyo jiwe hili ni telureti kwa hali ya teluri yake, oksidi kwenye droo ya Strunz, na ganeti kwa ramani. Yote matatu ni kweli kwa wakati mmoja, kwa sababu kila jina linajibu swali lake.

Na tsavorite? Haimo kwenye orodha ile ya 32. Iliyomo ni grosula, ganeti ya kalisi, alumini na silikoni. Tsavorite ni grosula ya kijani yenye jina la kibiashara. Tanzanite vile vile si aina ya madini inayojitegemea, ni zoisaiti ya buluu. Wakati huo huo Mererani ina aina yake halali kabisa, merelanaiti, iliyotangazwa 2016: nyuzi nyembamba za kijivu za molibdeni, risasi, vanadi, antimoni na salfa. Wachimbaji walikuwa wanazipita kutafuta buluu. Kwa uhaba merelanaiti inaishinda tanzanite mbali sana. Kwa pesa haifiki popote karibu na yale mawe mawili ya Saniniu Laizer yaliyonunuliwa na serikali kwa shilingi bilioni 7.74 mwaka 2020. Yafsoanaiti iko upande wa merelanaiti katika mzani huo: ina wanunuzi, ila ni wakusanyaji wachache na makumbusho, na wanalipia kielelezo kilichothibitishwa na maabara, si kilo.

Hapo tunafika kwenye "bastola" ya eksirei. Miaka hii madalali na maofisa wengi wana kile kifaa cha mkononi kinachopiga eksirei na kuonyesha orodha ya elementi kwenye kioo. Ni kifaa kizuri. Ukikielekeza kwenye jiwe lenye teluri na kikiwa kimewekewa elementi hiyo, kitakuandikia Te na asilimia. Lakini hakioni oksijeni kabisa, wala hakijui kama teluri ile ni ya +4 au +6, wala atomi zimekaa vyumba gani. Kalaveraiti, teluraiti ya shaba na yafsoanaiti zote zitakupa Te kwenye kioo kile kile. Hata mashine kubwa ya elektroni ya chuo kikuu, inayopima kemia ya punje moja kwa usahihi wa hali ya juu, ingeishia pale walipoishia watafiti wa 1982.

Kinachomaliza ubishi ni kupima jinsi fuwele inavyotawanya miale ya eksirei. Kutokana na mtawanyiko huo mtu anakokotoa umbali kati ya atomi, na teluri ya +6 inajitambulisha yenyewe: oksijeni sita, zote umbali wa karibu nanomita 0.19. Kwa hiyo mwenye jiwe asilolielewa, mwenye cheti cha "Te asilimia kadhaa" mkononi na mnunuzi anayemwambia ni telureti adimu, anapokwenda kwenye maabara ya kijiolojia aombe kipimo hicho kwa jina lake, mtawanyiko wa eksirei. Na kama mwamba wake umetoka kwenye mgodi wa dhahabu, aombe kwanza waangalie teluraidi. Huko ndiko pesa zilipo.